Hodi kwenye Tundu la Ndege

Mwaka 1947 yalitokea mambo mawili yasiyojuana. Huko Oxford, Uingereza, mtaalamu wa ndege David Lack na wenzake walianza kutundika visanduku vya mbao katika msitu wa Wytham, ili kijindege chenye kifua cha manjano na kichwa cheusi kitage humo nao wapate kukihesabia mayai. Huku Mombasa, mwaka huohuo, kunguru wa Kihindi mwenye shingo ya kijivu, kurabu kama wengi wanavyomwita, alionekana na kuandikwa kwa mara ya kwanza. Visanduku vya Wytham vimepita elfu moja na vingali vinafunguliwa kila mwaka. Kurabu naye hajaondoka. Basi mtu anayetaka kutundika kisanduku cha ndege katika mitaa ya Mombasa kama Utange, Mtongwe au Chaani anarithi vyote viwili: utaratibu wa kuchungulia kiota, na jicho jeusi juu ya waya wa stima linalomchungulia yeye.

Kazi yenyewe ni nyepesi kuieleza. Kisanduku kina tundu mbele na kifuniko kinachofunguka juu au ubavuni. Mkaguzi hupita kila baada ya siku kadhaa, hufungua, huhesabu mayai, hukadiria umri wa makinda, huandika, hufunga, huenda zake. Madaftari ya miaka mingi yakiwekwa pamoja husema mambo ambayo jicho la siku moja haliwezi kuyaona. Ni madaftari ya Wytham yaliyoonyesha kwamba ndege wa huko sasa wanataga mapema kwa wiki mbili na zaidi kuliko walivyotaga miaka ya 1960, kwa sababu joto la msimu limesogea, na viwavi wanaowalisha makinda nao wamesogea.

Upande wa bara wa Mombasa haukuhitaji seremala. Kisanduku chake kilikuwa mnazi mfu. Mnazi uliopigwa radi au uliokufa kwa uzee husimama miaka bila kichwa, ndani ukioza taratibu. Kigong'ota huja kutoboa. Akishalea na kuondoka, tundu lake hurithiwa na wengine wasio na domo la useremala: kambu wa rangi ya buluu na zambarau, kasuku wa kijani mwenye kichwa cha kahawia, hudihudi mwenye kishungi. Shamba moja la minazi mizee lilikuwa mtaa mzima wa wapangaji. Siku hizi shamba hilo limekatwakatwa viploti, na mnazi mfu ndio wa kwanza kuangushwa, maana unatisha bati la jirani.

Hata pale ambapo miti imerudishwa, tundu halirudi nayo. Kule Bamburi, mwaka 1971, René Haller alianza kupanda mivinje katika machimbo ya kampuni ya saruji, juu ya mwamba mtupu wa matumbawe ambao hata magugu yalikuwa yameususia, na majongoo wakamsaidia kuyageuza majani ya mivinje kuwa udongo. Leo ni msitu wenye twiga na viboko, na watoto wa shule za Kisauni wanaujua kama Haller Park. Lakini msitu wa kupandwa hutoa kivuli mapema zaidi kuliko unavyotoa matundu. Tundu linataka mti uzeeke, uumie, uoze. Hapo ndipo ubao na misumari vinapopata hoja.

Na ubao ukishatundikwa, swali linaingia ambalo si la useremala. Aliyempa kiumbe nyumba, amepata haki ya kumfungulia mlango?

Waislamu wengi wa pwani hii ni wafuasi wa madhehebu ya Imamu Shafi, na Imamu huyo aliwahi kuzungumza juu ya jambo lililo karibu mno na hili. Katika mkusanyo wa Abu Daud imo hadithi iliyopokewa na Ummu Kurzi, kwamba Mtume aliagiza ndege waachwe walipotulia, viotani mwao. Imamu Shafi alifafanua kwamba Waarabu wa zama za ujahili walikuwa na desturi: mtu akitaka kusafiri au kuanza jambo, humwendea ndege aliyetulia, humfurusha, kisha hutazama ameelekea wapi. Akienda kulia, safari ina heri. Akienda kushoto, mtu hurudi nyumbani. Agizo likaja kukata ushirikina huo.

Msomaji makini ataona mara moja kinachokera hapa. Kosa la wale mabwana halikuwa kumla ndege wala kumfunga kamba. Walimwondoa kwenye mayai yake ili wapate habari. Walimgeuza chombo cha kujua mambo ya mbele. Mkaguzi wa kisanduku naye hufungua kifuniko, mama huruka, na mkononi mna daftari la kukisia hali ya hewa ya miaka ijayo. Tofauti ya wazi ipo, bila shaka: mmoja anabahatisha, mwingine anapima. Lakini kwa upande wa ndege aliyefurushwa tofauti hiyo haina maana yoyote. Mayai yanapoa vilevile.

Upo mfano wa upande wa pili, nao una uzito wake. Sura ya An-Naml inasimulia jinsi Nabii Sulaiman alivyowakagua ndege akamkosa hudihudi. Mfalme anayejua kila ndege wake hata mmoja akikosekana anamuulizia, huyo ni mkaguzi. Alipotokea, hudihudi alileta habari za Saba ambazo mfalme mwenyewe hakuwa nazo. Kukagua, basi, hakukukatazwa. Mwenye dhamana juu ya viumbe anatakiwa ajue nani yupo na nani hayupo, na dhamana ya mtu asiyejua chochote ni maneno matupu. Bali ifahamike pia kwamba Sulaiman aliwakagua ndege walipokuwa wamehudhuria. Hakwenda kumsimamia mmoja wao kwenye mayai.

Suala hili halikuanza pwani, wala si la Waislamu peke yao. Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, inamwambia aliyekuta kiota njiani kwamba anaweza kuchukua makinda au mayai, lakini mama amwache aende. Wanazuoni wa Kiyahudi walibishana sana juu ya amri hii fupi. Mishna inaagiza anyamazishwe mtu anayesema katika sala kwamba rehema za Mungu zinafika hadi kwenye kiota cha ndege, na baadhi ya wafasiri wakasema sababu ni kwamba amri ya Mungu ni amri, asije mtu akaifanya hisia tu. Musa bin Maimuni, aliyeishi Misri karne ya 12, aliona vingine: uchungu wa mama kwa mwanawe, alisema, hautofautiani sana kati ya mtu na mnyama, kwa kuwa hautoki kwenye akili. Na katika hadithi ya Ibn Masud, masahaba waliokuwa safarini walichukua makinda mawili ya ndege mdogo. Mama akaja akipigapiga mbawa juu yao. Mtume aliporudi aliuliza ni nani aliyemtia uchungu kwa wanawe, akaamuru warudishwe. Hapo hakuna ubishi wa wafasiri. Uchungu wa ndege ulihesabiwa kuwa jambo, na ukatolewa amri.

Kwa mkaguzi, kisa hicho ndicho chenye msaada zaidi, kwa kuwa kinampa kipimo: si kama ametazama au hakutazama, bali kama mama amehangaika au hakuhangaika. Na hiki ni kitu kinachoweza kupimwa.

Wakaguzi wazoefu wa Ulaya wana kanuni ambayo mtu wa Likoni angeielewa bila kufundishwa. Kabla ya kufungua kisanduku, gonga ubao au shina kidogo, usubiri. Mama akiwa ndani na akitaka kutoka, apate nafasi ya kutoka kwa hiari yake. Asipotoka na ukaona amelalia mayai, funga urudi siku nyingine. Hii ni hodi. Qurani, katika Sura ya An-Nur, inataka mtu aombe ruhusa kabla ya kuingia nyumba isiyo yake, na akiambiwa rudi, arudi. Na Mtume alieleza kwamba ruhusa hiyo imewekwa kwa ajili ya jicho. Mafakihi hawakuipeleka hukumu hiyo kwa ndege, na hapa hapadaiwi kwamba ipelekwe. Lakini adabu huenda mbali kuliko hukumu, na Sura ya Al-An'am inasema wazi kwamba ndege ni umma kama watu walivyo umma.

Hodi yenyewe Mombasa ina faida nyingine ambayo Wytham hawana haja nayo sana. Anayeitika huenda asiwe ndege. Kisanduku kitupu katika nchi ya joto ni mali ya atakayewahi, na mara nyingi anayewahi ni nyuki. Kundi la nyuki hujaza sega ndani, na mtu aliye juu ya ngazi hana pa kukimbilia. Komba hulala humo mchana. Majimoto hushona majani mlangoni. Mijusi hutaga pembeni, na panya akipata nafasi haikatai. Kubisha kwanza na kutega sikio ni ada ya dini kwa mwenye dini, na kwa wengine ni usalama wa macho yao.

Hudihudi anajilinda mwenyewe, tena kwa namna isiyosahaulika. Mama anapoatamia hutoa kwenye tezi ya mkia mafuta yenye uvundo wa nyama iliyooza. Makinda yakiona mwanga ghafla hutoa sauti ya kufoka kama nyoka, hugeuza makalio kuelekea mlangoni na kurusha kinyesi moja kwa moja, na shabaha yao si mbaya. Anayeinamisha uso kuchungulia bila hodi hupata jibu lake. Ndege huyuhuyu, hata hivyo, ni ushahidi mzuri kwa watetezi wa visanduku. Katika bonde la Valais, Uswisi, matundu yalikuwa machache kwa sababu ya mashamba ya kisasa; watafiti wakatundika visanduku zaidi ya 700 kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990, na hudihudi waliokuwa wakipungua wakaongezeka tena. Bila kufungua visanduku hivyo na kuhesabu, hakuna ambaye angejua kama mbao zile zilisaidia au zilikuwa mapambo.

Ukaguzi una ubaya mwingine usioonekana kwenye daftari: unaacha njia. Nyasi zilizokanyagwa na harufu ya mkono zinaweza kumwelekeza mwindaji. Kwa kurabu hakuna haja ya harufu, anatumia macho. Mwaka 2006, mjini Seattle, John Marzluff na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington walivaa barakoa fulani wakawakamata kunguru wa Marekani, kisha wakawaachia. Miaka ilipita, na kila aliyevaa barakoa ile alizomewa na kunguru, hata na wale ambao hawakuwahi kukamatwa. Kurabu ni ndugu yake, na maisha yake yote ameyaishi kwa kuwatazama watu: nani anabeba mfuko, nani anaacha sufuria wazi, nani amelala. Mtu anayesimama chini ya mnazi uleule kila Jumamosi, akaweka ngazi, akatoa kitu na kukirudisha, amemwambia kurabu pale pana kitu. Wakaguzi wenye uzoefu hawaendi moja kwa moja, hawarudi kwa njia waliyojia, na kunguru akiwa karibu hawafungui kabisa. Siku hiyo daftari linabaki na nafasi tupu, na nafasi tupu si aibu.

Kisha wapo majirani, ambao hakuna kitabu cha Oxford kinachowazungumzia. Nyumba za Kisauni zimekaribiana. Mtu akipanda ngazi kufikia mwembe wa kwake anaona ua wa jirani, na uani wako wanawake wasio na mitandio, wanakuna nazi, wanaanika nguo. "Natazama ndege tu" ni utetezi dhaifu sana mbele ya kaka wa nyumba ile, hasa kama mkononi mna simu iliyofungwa kwenye kijiti. Kamera ndogo ya kuingizwa tunduni imemwondolea ndege bughudha na kumwongezea mtu mashaka. Kisanduku kikiwa cha bundi, mambo ni mazito zaidi. Pwani yote, bundi akilia juu ya paa watu husubiri habari ya msiba. Mtu anayemjengea nyumba bundi na kwenda kumwangalia jioni na tochi anajiweka mahali pabaya, na katika kaunti ya jirani ya Kilifi wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi zilizoanza na mambo madogo kuliko hayo. Imamu Shafi angetambua upesi kilichobaki hapa. Ndege bado anasomwa kama ramli.

Mtu anaweza kusema: basi acheni. Pwani hii inayo hekima ya kutotazama, na imefanya kazi. Kaya, misitu mitakatifu ya Wamijikenda, ambazo baadhi yake UNESCO iliziingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2008, zimebaki na miti mizee yenye matundu kwa sababu hakuna aliyeruhusiwa kuingia ovyo. Kaya Kinondo, upande wa Diani, inapokea wageni, lakini mgeni hufungwa kaniki nyeusi kiunoni, huenda kwa njia aliyoonyeshwa na hatoki na hata jani. Ndege waliishi humo bila kuhitaji kuandikwa na mtu.

Hoja hiyo inavutia, na ingetosha kama kila kiota kingekuwa ndani ya kaya. Kwera wa Clarke hana bahati hiyo. Ndege huyu wa rangi ya manjano na nyeusi haishi popote duniani isipokuwa Kaunti ya Kilifi, katika misitu ya Arabuko-Sokoke na Dakatcha. Wanasayansi walimpa jina mwaka 1913, na kwa miaka mia moja hakuna aliyejua anataga wapi. Ilidhaniwa ni mitini, kwa kuwa ni ndege wa msituni. Mwaka 2013 wakaguzi, wakiwemo wanakijiji wa Dakatcha, wakamkuta akijenga kwenye ndago za kinamasi cha msimu, aina ya mahali ambapo kila mtu angeona ni bondeni tu, pa kulima mpunga au kunyweshea ng'ombe. Kwa karne nzima kutomtazama kungeweza kumuua bila mtu kujua kwamba ameua. Hapa stara haikumlinda. Kilichompa nafasi ya kulindwa ni kuchunguliwa.

Kwa hiyo swali linapungua upana. Kutazama kunakomrudishia faida ndege mwenyewe kuna hoja. Kutazama ili kupata picha ya makinda yaliyopanua midomo, iende kwenye simu za watu mia tatu kabla ya adhuhuri, hakuna hoja, na ni jambo la kusikitisha kwamba hilo ndilo linalokua kwa kasi. Madaftari mengi yangeweza kufungwa bila hasara. Ziara chache kwa kiota kimoja zinatosha kujua kama makinda yalitoka salama, na makinda yakishaota manyoya mkaguzi hana ruhusa tena, maana yakishtuka huruka kabla ya wakati na kuanguka chini.

Linabaki gumu zaidi. Amefungua, amekuta msiba. Nyoka amejikunja ndani na uvimbe mmoja tumboni, makinda mawili yamebaki. Afanye nini? Wytham wangesema aandike na afunge, kwa sababu akiingilia, daftari litakuwa linaeleza matendo yake na si maisha ya ndege. Kwa lugha ya dini jibu haliko mbali na hilo: nyoka naye ana riziki yake, na aliyempangia si mkaguzi. Lakini huko Mauritius, mwaka 1974, walikuwa wamebaki kozi wanne tu wanaojulikana porini. Carl Jones, aliyefika kisiwani mwaka 1979, hakuandika na kufunga. Alichukua mayai akayaangulia mwenyewe, akalisha makinda, akatundika visanduku, na kozi wakarudi kuwa mamia. Aliingilia kwa sababu kilichowamaliza hakikuwa nyoka. Walimalizwa na watu waliokata misitu na kupuliza DDT, na wanyama walioletwa kwa meli.

Kurabu naye aliletwa kwa meli. Waingereza walimpeleka Zanzibar miaka ya 1890 ale taka, na kutoka huko amesambaa pwani nzima akila mayai na makinda ya wenyeji. Juni 2024 Shirika la Huduma za Wanyamapori la Kenya lilitangaza mpango wa kuangamiza kunguru hao milioni moja kufikia mwisho wa mwaka huo, na sumu ikawa miongoni mwa njia. Wapo waliokumbusha kwamba kunguru yumo katika wale watano ambao hadithi inaruhusu wauawe hata ndani ya eneo takatifu la Makka, na wapo waliojibu kwamba ni kunguru huyohuyo aliyetumwa kumfundisha Kabili jinsi ya kumzika nduguye. Wote wamesoma vizuri. Ila hakuna hadithi inayohitajika kuona anakula nini: jaa la Mwakirunge, mitaro ya Likoni karibu na feri, mabaki ya samaki, mifuko inayotupwa usiku. Akiuawa na taka zikabaki, nafasi yake ni wazi kwa kunguru mwingine.

Fundi wa visanduku anaweza kumzuia kidogo. Mlango wa sentimita nne unamruhusu zuwakulu mdogo na kumkataa kurabu, na kipande cha bati kuzunguka tundu kinazuia domo lisipanue ubao. Kambu na kasuku ni wanene. Tundu linalowatosha wao linatosha pia kichwa cha kurabu, na kwa hao wawili seremala wa Kisauni hana kipimo cha kuwapa. Wanahitaji mnazi mfu mrefu, wenye shimo la kina, kwenye ploti ambayo mwenyewe amekubali usiangushwe.